Maktaba ya chuo kikuu ni ya nani? Majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Tangu tulipowaalika wasomaji watuulize kuhusu maktaba za vyuo vikuu na huduma ambazo vyuo hivyo vinapaswa kuwapa wananchi, barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua saba. Majina ya waandishi nimeyaacha, nimebakisha mtaa au kijiji, na barua ndefu nimezipunguza bila ya kuzibadilisha maana.

Mimi ni fundi seremala. Nilimaliza kidato cha nne zamani na sijawahi kusoma chuo. Nataka kusoma kuhusu milango ya kale ya Mji Mkongwe, kwa sababu wateja wanaleta picha na kutaka niwachongee mfano wake. Kila nikipita Tunguu nalitazama jengo la chuo kikuu, lakini naona haya kuulizwa kitambulisho cha mwanafunzi mlangoni. Mwalimu, mtu kama mimi anaruhusiwa kuingia maktaba? (Fuoni, Unguja)

Ndugu fundi, kwanza tuondoe mkanganyiko uliowapotezea watu wengi nauli zao. Tunguu ina vyuo vikuu viwili. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho ni cha binafsi na kilianzishwa mwaka 1998, na kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kinachojulikana zaidi kwa jina la SUZA, ambacho kiliundwa kwa Sheria Nambari 8 ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Niliwahi kumkuta mzee mmoja amekaa muda mrefu kwenye benchi la chuo kimoja akimsubiri mjukuu wake, kumbe mjukuu naye yuko chuo cha pili anamsubiri babu. Wewe unauliza kuhusu hicho cha Taifa, na majibu yangu yote humu yanakihusu hicho na vyuo vya umma vinavyofanana nacho.

Chuo kikuu cha umma kina kazi tatu: kusomesha, kutafiti na kuihudumia jamii. Hiyo ya tatu, ambayo katika hotuba hutajwa mwisho na mara nyingi kwa haraka, ndiyo inayokuhusu wewe. Wazee wetu kitabu walikiita chuo, na wingi wake vyuo, na ndiyo maana mtu aliyebobea katika elimu tukamwita mwanachuoni. Jina la kitabu ndilo lililokuja kuwa jina la mahali pa kusomea. Anayekwenda chuoni kuomba kitabu, kwa hiyo, anaomba kitu kilicholipa jengo jina lake.

Hata hivyo, hiyo haimaanishi kwamba utaingia kama unavyoingia sokoni. Maktaba za vyuo vikuu, karibu zote duniani, hutofautisha mambo mawili ambayo msomaji wa nje huyachanganya: kusoma ndani na kuazima. Kusoma ndani ni jambo jepesi, kwa sababu kitabu hakitoki mlangoni. Mgeni hujiandikisha kwenye daftari, huacha mkoba wake mahali pa kuwekea mizigo, na hukaa akasoma. Kuazima ni jambo zito zaidi, kwa sababu mwanafunzi ana namba ya usajili na hapati cheti chake mpaka amalize deni la vitabu, ilhali wewe huna cha kukubana isipokuwa ahadi yako. Ukienda na maneno "naomba kusoma ndani", utakuwa umeshamwondolea mkutubi nusu ya wasiwasi wake. Chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari, na ikiwezekana barua fupi ya sheha wako au ya chama chenu cha mafundi inayoeleza wewe ni nani na unatafuta nini. Usiende wakati wa mitihani, maana wiki hizo hata wanafunzi wenyewe hugombania viti.

Kabla ya Tunguu lakini, anza Maisara. Maktaba Kuu ya Zanzibar iko pale, chini ya Shirika la Huduma za Maktaba, na hiyo imewekwa hasa kwa ajili ya mwananchi yeyote, awe mwanafunzi, mvuvi au seremala. Wenzetu wa Pemba wana ya kwao Chake Chake. Maktaba ya umma ina vitabu vya kila jambo kwa kiasi chake. Ya chuo kikuu ina vitabu vya masomo machache yanayosomeshwa pale, lakini kwa kina, pamoja na kazi za utafiti za wanafunzi ambazo huzipati dukani.

Neno la mwisho kwako, na hili nalisema kwa sababu nimekaa miaka mingi nyuma ya meza ya kuazimia vitabu: njoo na swali, usije na mada. Ukisema "nataka vitabu vya milango", mkutubi atakuonyesha rafu moja na kurudi kwenye kazi zake. Ukisema "nataka kujua kwa nini milango mingine ilichongwa kwa msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi na mingine kwa mvule au mfenesi, na nakshi zake zilipangwaje", atainuka kwenye kiti. Katika mpangilio wa Dewey, yaani namba ambazo maktaba nyingi hutumia kupanga vitabu kwenye rafu, ufundi seremala uko 694, uchongaji wa nakshi za mbao uko 736, na historia ya visiwa vyetu iko 967.81. Rafu hizo tatu ziko mbalimbali, na aliyetumwa kwenye moja tu hurudi nyumbani akisema maktaba haina kitu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katalogi ya kompyuta inaniambia kitabu kipo, lakini nikifika kwenye rafu sikioni. Hutokea mara kwa mara, hasa kwa vitabu vya fasihi ya Kiswahili. Je, katalogi inadanganya? (Dunga, Unguja)

Mwanangu, mara chache inadanganya. Mara nyingi zaidi ni namba ambayo haikusomwa inavyotakiwa, na si kosa lako, kwa sababu skuli hatukufundishwa.

Chukua kitabu chochote ukitazame mgongoni, chini kabisa, kwenye kile kibandiko cheupe. Tuseme kimeandikwa 896.392, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Zile tarakimu tatu za mwanzo unazisoma kama namba ya kawaida: mia nane tisini na sita. Baada ya nukta, hata hivyo, usisome "mia tatu tisini na mbili". Soma tarakimu moja moja: tatu, kisha tisa, kisha mbili. Ukisoma hivyo utaona kwamba 896.392 inakaa kabla ya 896.4, ingawa 392 inaonekana kubwa kuliko 4. Nimewashuhudia wanafunzi hodari wa hesabu wakitembea kwenda na kurudi mbele ya rafu, wakipita mahali penyewe, kwa sababu ya nukta hiyo moja.

Jambo la pili ni kwamba Kiswahili kimegawanywa mahali pawili. Sarufi, kamusi na isimu ya Kiswahili ziko 496.392, na ushairi, riwaya na tamthilia ziko 896.392, zikiwa zimetenganishwa na sayansi, tiba, kilimo na sanaa zote. Maktaba zinazotumia mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao unaanza kwa herufi, huviweka pamoja kuanzia PL8701, na kwa hili moja naona Wamarekani wametutendea vyema zaidi kuliko Bwana Dewey, ingawa yeye naye alikuwa Mmarekani.

Huyo Dewey alitoa mpangilio wake mwaka 1876, na mpaka leo unabeba dunia ya mtu wa karne hiyo. Dini zote ziko kuanzia 200, lakini sehemu kubwa ya nafasi hiyo imechukuliwa na Ukristo, na Uislamu wote, pamoja na Qur'ani, hadithi, fikihi na sira, umebanwa ndani ya 297. Katika maktaba ya kwetu, ambako vitabu vya somo hilo hujaza rafu kwa rafu, matokeo yake ni vibandiko vyenye tarakimu ndefu kama namba za simu. Ukitafuta huko, andika namba nzima kwenye karatasi, kichwani haikai.

Ikiwa umesoma namba sawasawa na kitabu bado hukioni, tazama rafu ya juu yake na ya chini yake, kisha meza za kusomea, kisha kigari cha vitabu vinavyosubiri kurudishwa. Baada ya hapo mwambie mkutubi. Wapo wanafunzi, na wao wanajijua, ambao hukificha kitabu wanachokihitaji nyuma ya vitabu vya somo lisilo na wasomaji ili wakikute kesho. Zamani nilikuwa nikianza msako wangu kwenye rafu za takwimu.

Naweza kukipiga picha kitabu kizima kwa simu yangu? Maktaba ina nakala moja tu na sisi tuko themanini darasani. (Beit el Ras)

Kurasa chache au sura moja kwa ajili ya kusoma mwenyewe, ndiyo. Kitabu kizima, hapana. Zanzibar ina sheria yake yenyewe ya hakimiliki, ya mwaka 2003, tofauti na ile ya Tanzania Bara. Dawa ya wanafunzi themanini na nakala moja iko kwa mwalimu wenu: amwombe mkutubi kitabu hicho kiwekwe kwenye akiba ya muda mfupi, ambapo mtu hukichukua kwa saa mbili tu na hakitoki nje. Huduma hiyo ipo katika maktaba nyingi za vyuo na walimu wengi hawaiombi.

Mimi ni muuguzi hospitalini. Nikitafuta makala za kitabibu kwenye intaneti nasoma muhtasari, kisha naambiwa nilipe dola thelathini au arubaini kwa makala moja. Nasikia vyuo vikuu vinazipata bure. Je, nivuke bahari kwenda Unguja kila ninapotaka kusoma makala? (Mkoani, Pemba)

Bibi muuguzi, usivuke. Kilichopo ni hiki. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa wa majarida ya tiba kuanzisha mpango unaoitwa Hinari, ambao unazifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida hayo bila ya malipo au kwa malipo madogo. Baadaye ikaongezwa mipango mingine kama huo: AGORA kwa kilimo mwaka 2003, OARE kwa mazingira mwaka 2006 na ARDI kwa teknolojia mwaka 2009, na yote kwa pamoja sasa inaitwa Research4Life. Tanzania imo katika kundi la nchi zinazopata bure.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Mpango huu unasajili taasisi na hausajili mtu mmoja mmoja, na taasisi zinazokubalika si vyuo vikuu peke yake. Hospitali, vituo vya utafiti na ofisi za serikali nazo zinaweza kuomba. Kwa maneno mengine, huhitaji kuomba nywila ya chuo kikuu kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo likigundulika huweza kuifungia taasisi nzima. Unachohitaji ni mkuu wa hospitali yenu akubali hospitali isajiliwe kwa jina lake, na mtu mmoja ateuliwe kuitunza nywila na kuwaelekeza wenzake. Hapo ndipo chuo kikuu kinapoingia: wakutubi wake wana uzoefu wa kujaza maombi hayo, na kuwaalika waje kuwafundisha wafanyakazi wa hospitali kwa siku moja ni ombi halali la huduma kwa jamii. Liandikeni kwa barua, lipitie kwa uongozi wenu. Kwa nyinyi wa Pemba, chuo hicho kina kampasi Mchangamdogo, kwa hiyo barua haihitaji boti.

Wakati mnasubiri, yapo majarida yaliyo wazi kwa kila mtu. Hazina ya PubMed Central ina makala nyingi za tiba zinazosomwa nzima bila ya malipo, na orodha ya DOAJ, iliyoanza mwaka 2003, inakusanya majarida ya kila fani ambayo hayana ufunguo. Ukikwama kabisa, mwandikie mwandishi wa makala mwenyewe. Anwani yake ya barua pepe huwa chini ya jina lake, na wengi hufurahi kuona kwamba wanasomwa Mkoani.

Sisi ni wanawake tunaolima mwani. Kila mwaka wanakuja vijana wa vyuo na madaftari, wanatuuliza umri, idadi ya watoto, tunapata kilo ngapi. Tunawajibu huku tukiwa majini. Hatujawahi kuona hata karatasi moja iliyorudi. Hiyo huduma kwa jamii mnayoiandika ni ipi? (Jambiani, Unguja)

Mama zangu, barua yenu niliisoma mara mbili na sitaitetea taasisi yoyote.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, Paje na hapo kwenu, na tangu siku hizo watafiti hawajaacha kuja. Mengi wanayojua kuhusu mwani wa Zanzibar wameyatoa kwenu: kwamba kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina ya spinosum, inakufa maji yanapopata joto kwenye kina kifupi, kwamba matawi yake huanza kuwa meupe, kisha hukatika na kuacha taitai tupu, zile nyuzi za kufungia, kwenye kamba, kwamba kupeleka kamba kwenye maji ya kina kirefu kunasaidia, lakini kunahitaji chombo na kuogelea, na wengi wenu hamkufundishwa kuogelea. Haya yote yameandikwa. Yameandikwa kwa Kiingereza, kwenye tasnifu zilizofungwa majalada magumu na katika majarida, na kazi yangu ni kuwaambieni ziko wapi na mtazidai vipi.

Kila mwanafunzi wa shahada ya juu anapomaliza utafiti wake huacha nakala ya tasnifu katika maktaba ya chuo chake, na siku hizi vyuo vingi huweka pia nakala katika hazina ya kidijitali ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwa simu. Jarida la sayansi za bahari linalochapishwa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi yenye makao makuu yake hapa hapa Zanzibar, linasomwa bure na kila mtu. Kwa hiyo karatasi zenu zipo. Mwambieni kijana mmoja wa kijijini aliyesoma aende maktaba, au aingie mtandaoni, atafute jina la kijiji chenu pamoja na neno mwani. Nadhani mtashangaa.

Kwa watakaokuja kesho, tumieni nguvu mliyonayo. Mtafiti hawezi kufanya kazi kijijini bila ya kupita kwa sheha. Mwombeni sheha awe na daftari, na kila anayekuja aandike humo jina lake, chuo chake, jina la mwalimu anayemsimamia, na mwezi atakaorudi kueleza alichokiona. Atakayekataa kuandika mwezi wa kurudi, mwambieni mna kazi, maji bamvua hayangoji. Na mkiona mwezi umepita, barua ya shehia iende kwa mwalimu msimamizi, nakala kwa mkutubi wa chuo. Mkutubi namtaja kwa makusudi, kwa sababu yeye ndiye anayeipokea tasnifu na anaweza kuipata hata kama mwanafunzi ameshahama nchi.

Ningependa pia watafiti wenyewe wasome hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao cha kurejesha matokeo katika kijiji kimoja cha pwani, kilichoandaliwa na taasisi ambayo sitaitaja. Walikuja na mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Umeme ukakatika kabla ya picha ya tatu, na msemaji, ambaye alikuwa ameyaweka maneno yake yote kwenye mashine, akakaa kimya akiutazama ukuta. Bibi mmoja aliyekuwa ameshika kitawi cha mwani uliokauka akauliza: "Sasa kesho tufunge kamba wapi?" Hakujibiwa. Kikao kikafungwa kwa soda. Karatasi mbili za Kiswahili chepesi, zikasomwa kwa sauti, zingetosha, na chuo kilichorithi Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1979, hakina udhuru wa kukosa watu wa kuziandika.

Sioni tangu utotoni. Nimefaulu kidato cha sita na natarajia kuomba nafasi chuo kikuu. Niulize nini kuhusu maktaba kabla sijaomba? (Wete, Pemba)

Hongera sana, mwanangu. Uliza kwanza kama maktaba ina kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, na kama haina, uwaambie kwamba ipo inayoitwa NVDA ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, na kwamba inaweza kusoma Kiswahili. Sauti yake ya Kiswahili ni kavu kama ya mtangazaji mwenye mafua, lakini hueleweka.

Uliza pia wanavyotengeneza nakala za kidijitali, kwa sababu hapa ndipo penye tatizo ambalo wenye macho hawalioni. Kitabu kikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa hivyo hivyo, kwa anayeona ni maandishi, lakini kwa programu yako ni picha tupu, na itakaa kimya. Picha hizo lazima zipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi ndipo ziwe maandishi yanayosomeka. Kazi hiyo humchukua mfanyakazi muda, kwa hiyo orodha ya vitabu vya muhula iombwe mapema, wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza.

Vitabu vya nukta nundu vinafaa zaidi kwa hesabu na lugha, ambako unahitaji kuigusa tahajia mwenyewe, lakini ni vikubwa. Kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa majuzuu kadhaa. Na mtu akikuambia kwamba hakimiliki hairuhusu kukutengenezea nakala, mtajie Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, uliotungwa hasa kwa ajili ya wasomaji wasioona.

Babu yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani na ametuachia kasha la vitabu na karatasi, nyingine kwa Kiarabu na nyingine ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zimeanza kutoboka na kunuka ukungu. Ndugu zangu wanataka tuziuze kwa mgeni aliyeziona. Mimi nataka zitunzwe, lakini naogopa kwamba zikiingia ofisini hazitatoka. Tufanye nini? (Chake Chake, Pemba)

Kaka yangu, kabla ya neno lolote kuhusu kuuza, fungua ukurasa wa mwanzo na wa mwisho wa kila kitabu na utafute mstari unaotaja wakfu. Vitabu vingi vya masheikh wa mwambao viliwekewa wakfu kwa wanafunzi au kwa kizazi cha mwenyewe, na ikiwa kimeandikwa hivyo, mazungumzo ya bei yamekwisha. Mpelekee kadhi au sheikh mnayemwamini awasomee ndugu zako mstari huo kwa sauti.

Sasa kasha lenyewe. Msizianike karatasi juani, ingawa najua ndivyo bibi zetu walivyokuwa wakifanya baada ya masika. Jua huua ukungu na wakati huo huo hufifisha wino na kuikausha karatasi mpaka ikavunjika kama mkate wa ufuta wa juzi. Zitandazeni kivulini, ndani ya chumba chenye upepo, juu ya kitambaa cheupe, siku ya kaskazi ambapo hewa ni kavu. Ukungu ukishakauka uondolewe kwa brashi laini ya rangi, taratibu, ukielekeza nje ya karatasi, na anayefanya kazi hiyo ajifunge kitambaa puani. Msipulize dawa ya wadudu. Msibandike gundi ya utepe wa plastiki mahali palipochanika, hata kama moyo unawatuma, kwa sababu baada ya miaka michache gundi hiyo hugeuka rangi ya chai na hula maandishi. Wala msizipeleke kwenye duka la kopi zikafunikwe kwa plastiki. Karatasi iliyofunikwa hivyo haiwezi tena kufunguliwa.

Zikishakauka, zifungeni kwa bafta iliyofuliwa bila ya sabuni yenye manukato, mziweke ndani ya sanduku la kadibodi safi na si la plastiki linalofunga hewa, na sanduku liinuliwe juu ya meza mbali na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 65, na visiwani kwetu hilo ni jambo la kila siku, kwa hiyo sanduku lifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara, hasa kati ya Machi na Mei.

Kisha zipigeni picha zote kabla ya mtu yeyote kuzichukua, awe mgeni au ofisi. Simu nzuri inatosha. Kaa karibu na dirisha bila ya kuwasha taa ya simu, weka rula pembeni ili ukubwa wa karatasi uonekane, piga jalada, kurasa tupu na pambizo pamoja na maandishi, kwa sababu tarehe za vizazi na madeni huandikwa pambizoni. Namba za kurasa ziandikwe kwa penseli laini kwenye kona, kamwe si kwa kalamu.

Hofu yako kwamba hazitatoka naielewa, na dawa yake ni karatasi nyingine. Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu ya Zanzibar iliyoko Kilimani, ambayo mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, ndiyo yenye uzoefu mkubwa zaidi wa vitu kama vyako, na chuo kikuu kina wasomi wa Kiarabu na Kiswahili wanaoweza kukusomea kilichomo. Nenda kwa yeyote kati yao na picha tu, asili ibaki nyumbani. Watakapotaka kuiona asili, andikeni makubaliano yenye saini za pande zote mbili na za mashahidi wawili wa familia: idadi ya karatasi, mmiliki ni nani, zinakaa huko kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuzinakili, na jina la babu yenu litaandikwaje popote zitakapotajwa. Nakala moja ya makubaliano hayo iwekwe kwa kadhi. Ndugu zako nao wapewe kila mmoja picha zote kwenye simu yake, kabla ya siku ya kutia saini.